Bodi nunua mwisho: mwongozo kamili wa kuchagua lenzi na mfumo wa kamera kwa kazi za harusi

Mpiga picha wa harusi hapimwi bustanini saa kumi jioni. Jua limelainika, maharusi wametulia, na kamera yoyote hutoa picha nzuri pale. Hupimwa ukumbini saa tatu usiku, maharusi wanapoingia wakicheza, taa za rangi zinazunguka, wapambe wako mbele, mpiga video amesimama katikati ya njia, na tukio halirudiwi. Lenzi na kamera za kazi hii huchaguliwa kwa kuanzia dakika hiyo ngumu. Anayeanza na jina la kampuni au wingi wa megapikseli anajiweka kwenye hatari ya kuuza vyote kwa hasara ili aanze upya.

Mpangilio unaofaa ni huu: kwanza mahitaji ya kazi, halafu lenzi, halafu maunti, yaani ile pete ya chuma inayounganisha lenzi na kamera, na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, mwisho kabisa. Lenzi nzuri hudumu na kushika bei kwa miaka mingi, wakati bodi hupitwa haraka na shata yake, yaani pazia linalofunguka kwa kila picha, ina ukomo. Canon walianza maunti ya EF mwaka 1987, na lenzi za EF bado zinafanya kazi na fokasi yake kwenye kamera zao za sasa kwa kutumia adapta. Bodi za mwaka ule hakuna anayezipeleka kazini.

Hatua ya 1: Zisome kazi zako mwenyewe

Fungua harusi zako tatu za mwisho kwenye programu ya Lightroom, uchuje picha ulizomkabidhi mteja tu. Ukitumia kichujio cha Metadata utaona kila picha ilipigwa kwa lenzi gani, urefu gani wa fokasi (zile mm; zikiwa nyingi lenzi inavuta karibu), apacha gani (tundu la lenzi; namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), kasi gani ya shata na ISO ngapi (wepesi wa kamera kuhisi mwanga). Kama bado huna kazi zako, mwombe mwenzako anayepiga kumbi za mji uleule akufungulie zake.

Tafuta mahali picha zinapogota. Zikirundikana kwenye 55mm ya lenzi ya 18–55mm, unakosa urefu. Zikirundikana kwenye 18mm, unakosa upana. Zile zilizotiwa chembechembe au kufutika zikiwa zote f/5.6 na ISO ya juu kabisa, tatizo lako ni apacha, na bodi mpya haitakusaidia sana.

Hapa hesabu ni muhimu. Tuseme ukumbi unakudai f/2.8, kasi ya 1/160 na ISO 6400 bila flashi. Chukua lenzi inayouzwa pamoja na kamera, 18–55mm f/3.5–5.6, uivute mpaka mwisho: tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 ni stopu mbili, na kila stopu hukata mwanga nusu, kwa hiyo mwanga unaoingia ni robo tu. Kulipa deni hilo lazima ISO ipande hadi 25,600 au kasi ishuke hadi 1/40. ISO ya kiasi hicho hula maelezo ya ngozi na shela, na kwa 1/40 mtu anayecheza anafutika mikono. Kizuia mtikisiko hakitakuokoa, kwa sababu kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi harusi.

Wengine husema flashi inamaliza tatizo. Inapunguza, lakini kwa gharama: kwa f/5.6 flashi inatakiwa kutoa nguvu mara nne ya ile ya f/2.8, inachelewa kujichaji, inapata moto, na mapambo ya ukumbi ambayo familia imeyalipia yanaonekana meusi nyuma ya maharusi.

Hatua ya 2: Pima nafasi ndipo uchague urefu wa fokasi

Usikariri kwamba 85mm ni ya sura na 24mm ni ya makundi. Kuna hesabu moja inayokupa jibu la chumba chochote. Kwa sensa (sehemu ya kamera inayonasa picha) ya fremu kamili, yenye upana wa milimita 36, umbali unaouhitaji ni upana wa tukio ukizidisha kwa urefu wa fokasi, kisha ugawe kwa 36. Kamera ikiwa imesimama wima, weka kimo cha tukio badala ya upana. Kwa sensa ndogo ya APS-C gawa kwa 23.5, na kwa APS-C ya Canon gawa kwa 22.3.

Mtu mzima mwenye nafasi kidogo juu na chini anahitaji fremu ya kama mita 2.1. Kwa 35mm utasimama mita 2 kutoka kwake, kwa 50mm mita 2.9, kwa 85mm karibu mita 5, na kwa 135mm karibu mita 8. Sasa fikiria chumba cha kumvalishia bibi harusi, mita 3 kwa 4, kitanda katikati, mashangazi wanne na mpambaji. Ile 85mm uliyoipenda itakupa kichwa na mabega tu. Chumba hicho ni cha 35mm, au 24mm ukitaka waonekane wote.

Picha ya ukoo, watu wamepangwa safu tatu zenye upana wa mita 6: kwa 24mm unahitaji mita 4, kwa 35mm mita 5.8, kwa 50mm mita 8.3. Nafasi ikiruhusu, rudi nyuma utumie 35mm au 50mm. Ukiwapiga kwa 24mm kwa karibu, waliosimama pembeni wananenepa na vichwa vinavutika, na hao wa pembeni mara nyingi ndio mashangazi na wajomba watakaoagiza picha. Tumia f/5.6 ili safu zote tatu ziwe kali.

Kanisani mambo yanageuka. Ukizuiwa kusogea madhabahuni na ukasimama mita 20 nyuma, 85mm inakupa upana wa mita 8.5, yaani migongo ya waumini. 200mm inakupa mita 3.6, upana unaowatosha maharusi na padri. Kwa nikaha msikitini, uliza mapema utasimama upande gani na kwa umbali gani kutoka kwa sheikh, halafu fanya hesabu hiyohiyo.

Usisahau kina cha fokasi. Kwa 85mm f/1.8 ukiwa mita 3, sehemu iliyo kali ni kama sentimita 13 tu, mbele na nyuma pamoja. Mmoja wa maharusi akitangulia nusu hatua, mwenzake amefifia. Kwa f/2.8 unapata kama sentimita 21, kwa f/4 kama 30. Kwa hiyo kulipia f/1.2 ili upige watu wawili kwa f/2.8 ni fedha iliyolala. Lenzi ya 85mm f/1.8 ni nyepesi, bei yake iko mbali chini, na kwa harusi inatosha kabisa.

Hatua ya 3: Zumu, au lenzi za urefu mmoja?

Ukiwa na bodi moja, nunua zumu yenye f/2.8 kutoka mwanzo hadi mwisho: 24–70mm, au 28–75mm ya Tamron kwa anayebana matumizi. Maharusi wanapotembea kuja kwako hutapata nafasi ya kubadilisha lenzi, na kila ukiifungua kamera kwenye vumbi la bustanini au moshi wa jukwaani unaikaribisha takataka kwenye sensa. Sigma 24–70mm f/2.8 ya kamera zisizo na kioo (mirrorless), toleo la kwanza, ina uzito wa gramu 830. Tamron 28–75mm f/2.8 G2 ina gramu 540. Tofauti hiyo utaisikia saa ya nane ya kazi. Unachopoteza ni 24mm, kwa hiyo chumba kidogo kitakubana.

Ukiwa na bodi mbili, 35mm f/1.8 kwenye moja na 85mm f/1.8 kwenye nyingine ni seti ya bei nafuu yenye mwanga mara mbili na zaidi ya zumu ya f/2.8. Ukianza na fedha kidogo, hii ndiyo njia tunayoipendekeza kuliko kununua zumu tatu za f/4 ili tu urefu wote uwepo mfukoni.

70–200mm f/2.8 inakuja baadaye, na ni lenzi ya kukodi kwanza. Gawa bei yake kwa kodi ya siku moja mjini kwako. Ikitoka 40, na kanisa linakudai lenzi hiyo mara 10 kwa mwaka, kodi ya miaka minne ndiyo bei ya kununua. Kukodi kunakupa pia jaribio la kweli: utajua kama bega lako linaibeba. Canon EF 70–200mm f/2.8 IS II ina gramu 1,490. Ile ya RF, maunti ya Canon ya kamera zisizo na kioo, ina 1,070, na Sony GM II 1,045.

Hatua ya 4: Chagua maunti

Ukishajua lenzi zako tatu au nne za miaka mitano ijayo, andika bei zake kwenye kila mfumo, mpya na zilizotumika. Orodha hiyo inasema ukweli kuliko mabishano ya mashabiki. Jumlisha lenzi zote, usilinganishe bodi kwa bodi.

Kuna jambo la kiufundi la kulielewa kabla ya kulipa. Kila maunti ina umbali maalumu kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa: Canon EF ni milimita 44, Nikon F 46.5, kamera zisizo na kioo ziko karibu zaidi, Canon RF milimita 20, Sony E 18, Nikon Z 16. Adapta inaziba pengo. Ndiyo maana lenzi ya EF inakaa vizuri kwenye kamera ya RF, lakini lenzi ya RF haiwezi kurudi kwenye kamera ya EF kama 5D. Ukinunua lenzi ya maunti mpya wakati bodi yako bado ni ya zamani, hutaitumia mpaka ubadilishe bodi.

Canon EF iliyotumika bado ni mlango mzuri wa kuingilia kwa anayeanza. Lenzi zake ni nyingi sokoni kwa sababu wengi wanahamia RF, na adapta ya Canon wenyewe inahifadhi fokasi na kizuia mtikisiko. Unaweza kuanza na 5D Mark III au Mark IV, kisha ukahamisha lenzi zako zote siku utakapopata kamera ya RF kama R6. Udhaifu wa RF ni bei: Canon waliwafungulia Sigma na Tamron mwaka 2024, lakini kwa lenzi za APS-C, si za fremu kamili.

Sony E ndiyo yenye soko pana la lenzi za kampuni nyingine. Sigma, Tamron, Samyang na Viltrox wote wapo, kwa hiyo seti nzima ya f/2.8 inaweza kujengwa kwa bei ya chini. Kwa mpiga harusi anayeanzia kwenye kamera isiyo na kioo na hana lenzi yoyote ya zamani, hapa ndipo hesabu hutoka vizuri mara nyingi.

Nikon Z ina lenzi za f/1.8 zenye ubora wa juu sana. Anayetoka Nikon F aangalie lenzi zake moja moja: adapta ya FTZ haina mota ndani, kwa hiyo lenzi za AF-S zitafokasi lakini zile za zamani za AF-D, zilizotegemea mota ya bodi, utazizungusha kwa mkono. Fujifilm X ni ndogo na rangi zake zinapendwa, ila mfumo wote ni APS-C. Ukitaka sensa kubwa zaidi unahamia GFX na kuanza lenzi upya.

Kisha angalia mji wako. Wenzako unaofanya nao kazi wanatumia nini? Lenzi ikianguka saa sita mchana siku ya harusi, utaazima kwa nani? Nani anakodisha, fundi gani ana vipuri? Mfumo wenye asilimia chache za ubora zaidi lakini hauna mtu mwingine anayeutumia Mwanza au Mombasa ni mzigo. Na ukiagiza kutoka Dubai, muulize muuzaji kwa maandishi dhamana inahudumiwa wapi. Dhamana nyingine hufanya kazi katika nchi au eneo lilipouzwa tu, na gharama ya kurudisha lenzi inaweza kula nafuu yote uliyoipata.

Hatua ya 5: Sasa bodi

Sharti la kwanza ni nafasi mbili za memori kadi, zikirekodi zote kwa pamoja. Harusi haina marudio, na kadi hufa bila kuaga. Canon R6, Sony A7 III na Nikon Z6 II zinazo mbili. Canon EOS R, EOS RP na Nikon Z6 ya kwanza zina moja tu. Ni kamera nzuri, lakini kwa kazi hii zifanye bodi ya pili.

Shata ina makadirio ya kiwandani: 150,000 kwa 5D Mark IV, 200,000 kwa A7 III na D850 ya Nikon. Ukipiga fremu 1,500 kwa harusi na harusi 40 kwa mwaka, hizo ni 60,000. Bodi iliyotumika yenye hesabu ya 90,000 na makadirio ya 150,000 inakupa mwaka mmoja kabla ya kuanza kuweka akiba ya matengenezo. Makadirio hayo si tarehe ya kifo, nyingine hupita mbali, ila bei lazima iendane nayo.

Hali ya ukimya wa kielektroniki inavutia kwa kanisa na msikiti, lakini kamera nyingi zikiwa kwenye hali hiyo hazipigi flashi, na chini ya taa za LED picha hutoka na mistari. Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa za kawaida hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kasi ya 1/50 au 1/100 kwa shata ya kawaida hupunguza mistari. Taa za jukwaani zina mapigo yake, basi piga picha za majaribio ukumbini kabla wageni hawajajaa.

Kugawa fedha: nusu iende kwenye lenzi, robo au zaidi kidogo kwenye bodi, na kilichobaki kwenye flashi mbili, betri tatu na kadi halisi. Anayemaliza fedha zote kwenye bodi huishia na 50mm moja na flashi ya kuazima.

Hatua ya 6: Kukagua lenzi iliyotumika

Nenda mchana, na bodi yako, kadi yako na tochi ya simu. Kagua kwa utaratibu huu hata kama muuzaji ana haraka.

Anza na umbo. Pete ya mbele ya filta ikiwa na bonde, lenzi iliwahi kuanguka. Skrubu za maunti zikiwa zimechunika vichwa, imefunguliwa; uliza kwa nini na nani aliifungua.

Toa vifuniko vyote viwili, mulika tochi kutoka nyuma kwa mshazari, utazame kutoka mbele, kisha geuza. Vumbi dogo la ndani halina madhara kwenye picha. Kuvu huonekana kama nyuzi za utando wa buibui, mara nyingi kuanzia pembeni mwa kioo. Ikikaa muda mrefu hula rangi ya kinga ya kioo, na alama haiondoki hata ikisafishwa. Utando mweupe kama pumzi kwenye kioo hupunguza utofauti wa mwanga na giza, na taa za ukumbini zitaangaza picha yote. Lenzi za pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu na visiwani, zikague mara mbili.

Zungusha zumu na fokasi taratibu. Ukisikia mchanga, iache. Ielekeze chini uone kama inajivuta yenyewe.

Ifunge kwenye kamera, weka f/8, upige. Kisha f/16. Watu wengi hujaribu kwa f/2.8 peke yake na hapo ndipo hudanganyika: waya mwembamba wa apacha ukikatika, lenzi hupiga sawa ikiwa wazi kabisa na kugoma ikiambiwa ijifunge. Canon huonyesha Err 01. EF 24–105mm f/4L ya kwanza inajulikana kwa ugonjwa huu.

Sasa ukuta wa matofali. Simamisha kamera kwenye tripodi, sambamba na ukuta, apacha wazi kabisa, fokasi katikati. Piga kwenye urefu wa mwanzo, wa kati na wa mwisho. Kuza picha ulinganishe pembe nne. Pembe zote zikilegea kidogo kwa usawa, ni tabia ya lenzi. Pembe moja au upande mmoja ukifutika wakati mwingine ni mkali, kioo cha ndani kimehama, na fundi wa kukirudisha sawasawa ni adimu.

Maliza na fokasi: kitu cha karibu, kitu cha mbali, karibu, mbali, mara 20 bila kupumzika. Kwa DSLR, yaani kamera yenye kioo, linganisha picha iliyofokasiwa kwa kuchungulia na ile ya Live View, yaani ya kutazama kwenye skrini. Zikitofautiana, jaribu kurekebisha kwenye menyu ya bodi. Kwa kizuia mtikisiko, piga 200mm kwa 1/30 kikiwa kimewashwa kisha kimezimwa.

Bodi nayo ipige anga jeupe kwa f/16, fokasi ikiwa imeharibiwa makusudi. Madoa meusi ni vumbi, na doa lisilotoka kwa kusafisha huenda ni mkwaruzo wa sensa. Jaribu nafasi zote mbili za kadi na sehemu ya flashi. Linganisha namba ya utambulisho ya kifaa (serial number) na ya kwenye boksi, na upewe risiti yenye namba hiyo pamoja na jina na saini ya muuzaji. Vifaa vya wizi vipo sokoni, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Baada ya kununua

Kuvu hupenda unyevu unaozidi asilimia 60 na giza. Lenga kati ya 40 na 50. Kama huna kabati la kukaushia, boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, kipima unyevu kidogo na silika (chembe za kunyonya unyevu) ya kutosha vinafanya kazi. Usihifadhi lenzi ndani ya mkoba wa ngozi wala wa kitambaa kilichonyonya jasho. Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la pwani, acha vifaa ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30, maana kioo baridi hukusanya matone mara moja, na ukilazimisha kuvuta zumu unyevu huo unaingia ndani. Silika ya rangi ya machungwa ikigeuka kijani, itandaze kwenye trei ya oveni kwa joto la nyuzi 120 mpaka rangi irudi, iache ipoe kwenye chupa iliyofungwa, ndipo uirudishe kwenye boksi.